Kunena Mbele ya Watu, na Jinsi Hotuba Inavyotayarishwa

Katika mikutano mingi ya hadhara huwapo mtu mmoja ambaye jirani zake wamemchagua awasemee haja yao. Ameacha shamba lake alfajiri, amevaa koti lake zuri, naye ameketi tangu saa tatu akingoja jina lake liitwe. Laitwa saa saba, wakati jua limekuwa kali na wakubwa wameanza kutazama saa zao. Asimama. Awasalimu waliohudhuria mmoja mmoja kwa vyeo vyao, aomba radhi kwamba yeye hakuzoea kusema, aeleza jinsi mahali pao palivyokuwa zamani, ataja viongozi waliopita na ahadi walizozitoa; na kabla hajaifikia haja yenyewe, mwenyekiti agonga meza. Wakati umekwisha. Wale waliomtuma warudi nyumbani kimya. Mtu huyu ni mwenye akili, na maneno anayo tele. Alilokosa ni matayarisho.

Jambo hili si dogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika kazi za Bunge na za mabunge ya kaunti zote 47, na kwa hiyo vikao vya kusikiliza maoni ya watu vimekuwa vingi. Zaidi ya hivyo kuna mikutano ya vyama vya ushirika, mikutano ya wazazi wa shule, na baraza za machifu. Mahali pote hapo msemaji hupewa dakika chache tu, na akizipoteza hapati nyingine mpaka siku nyingine, pengine mpaka mwaka mwingine.

Neno hotuba limetoka katika Kiarabu, nalo ni neno lile lile la mawaidha yasomwayo msikitini siku ya Ijumaa. Tangu asili, basi, hotuba ni kitu cha sikio. Msomaji wa gazeti akipotea njia aweza kurudi nyuma, akausoma mstari mara ya pili, au akaliweka gazeti mpaka jioni. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Neno likimpita limekwenda na upepo, na akijaribu kulifikiria lile lililompita, linalofuata nalo lampita. Karibu kanuni zote za kunena zatokana na jambo hili moja, na mtu akilishika vema aweza kuzibuni nyingine mwenyewe.

Kazi ya kwanza hufanywa kabla ya kushika kalamu. Msemaji ajiulize: watu hawa wakitoka hapa, wafanye nini, au wajue nini wasichokijua sasa? Jibu lake aliandike kwa sentensi moja. Ichukuliwe kwamba mjumbe yule alitumwa kwa ajili ya daraja lililochukuliwa na mafuriko. Akiandika, "Nataka kusema juu ya daraja," hajapata kitu bado. Hilo ni jina la jambo, wala si haja. Akiandika, "Naomba saruji, nondo na fundi wa kujenga daraja letu viingizwe katika makadirio ya fedha ya mwaka ujao," sasa anao msingi. Kila habari aliyo nayo aiweke kando ya sentensi hiyo na kuuliza kama yaisaidia. Ile isiyosaidia aiache, hata ikiwa ya kweli, hata ikiwa ya kupendeza. Kuacha huku kunauma sana, hasa kwa mtu ajuaye mengi, na ndiyo maana wajuzi wengi ni wanenaji wabaya.

Halafu awafikirie watakaomsikiliza. Afisa wa barabara hana haja ya kuambiwa kwamba mto una maji. Ataka kujua mto una upana gani, watu wangapi wavuka, na wenyeji wenyewe watatoa nini. Jirani waliomtuma wao wajua hayo yote. Wataka kusikia kwamba shida yao imetajwa kwa heshima na bila kutiwa chumvi. Hotuba moja yapasa kuwatosheleza wote wawili, na kitu kiwezacho kuwatosheleza wote wawili ni habari zilizo thabiti. Kwa hiyo mjumbe hana budi kwenda mtoni mwenyewe asubuhi moja, asimame na kuhesabu. Mtu asemaye "watoto wengi sana" hubishiwa. Mtu asemaye "watoto 64, siku ya Jumatatu, kabla ya saa mbili" huandikwa katika kitabu cha karani.

Juu ya faida ya kuacha maneno, mfano utajwao mara nyingi ni ule wa Gettysburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania huko Marekani. Vita vikali vilipiganwa hapo tarehe 1 mpaka 3 Julai 1863, na tarehe 19 Novemba mwaka ule watu walikusanyika kuyaweka wakfu makaburi ya askari waliokufa. Msemaji mkuu alikuwa Edward Everett, mtu mwenye elimu kubwa na sifa ya ufasaha nchi nzima. Alinena kwa muda wa saa mbili, kwa kichwa, maneno zaidi ya 13,000. Baada yake akasimama Rais Abraham Lincoln, aliyekuwa amealikwa aseme maneno machache tu. Alitumia maneno kama 270, akaketi baada ya dakika mbili hivi. Kesho yake Everett mwenyewe alimwandikia barua akikiri kwamba angefurahi kama yeye, kwa saa zake mbili, angalikaribia kiini cha jambo lile kama Rais alivyokikaribia kwa dakika mbili. Everett asidharauliwe: desturi ya siku zile ilitaka hotuba ndefu, na watu walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Lakini leo ni hotuba ya Lincoln iliyo katika vichwa vya watoto wa shule. Yasemekana pia kwamba Lincoln aliiandika juu ya bahasha ndani ya garimoshi. Wanahistoria wameikana hadithi hiyo: alikuwa ameianza Washington kabla ya safari, akaendelea kuitengeneza mpaka usiku wa kuamkia siku yenyewe. Maneno machache yalimgharimu kazi nyingi.

Warumi wa kale, ambao kwao kunena kulikuwa somo la shule, waligawa kazi ya hotuba katika sehemu tano: kutafuta la kusema, kulipanga, kulivika maneno, kulishika moyoni, na kulitamka. Yafaa kuona kwamba kutamka, ambako watu wengi wadhani ndiko hotuba yenyewe, kumewekwa mwisho.

Katika kupanga, mwanzo ndio uwashindao watu wengi. Msemaji asianze kwa kuomba radhi kwamba hakujitayarisha. Ikiwa ni kweli, amewatukana waliokuja kumsikiliza. Ikiwa si kweli, ameanza kwa uongo. Wala asianze mbali. Salamu ni lazima, kwa kuwa katika nchi hii mtu asiyewataja wenyeji wake huonekana amewadharau, walakini salamu yaweza kufupishwa bila kuvunja adabu: amtaje mwenyekiti, amtaje mgeni mkubwa ikiwa yupo, kisha awakusanye waliobaki katika salamu moja. Wako wanenaji wanaomaliza nusu ya wakati wao wakipanda ngazi ya vyeo, na wakiisha kufika juu yake hawana pumzi ya kusema.

Baada ya salamu haja itajwe mapema, nayo irudiwe mwishoni. Katika kuandika, marudio huchosha; katika kunena ni msaada, kwa sababu yule aliyekuwa akimnyamazisha mtoto mara ya kwanza atalisikia neno mara ya pili. Ikiwa mambo ni mawili, msemaji aseme kwamba ni mawili, kisha afikapo la pili aseme kwamba sasa ni la pili. Mambo yakizidi matatu, heri mengine yaandikwe na kupelekwa kwa barua. Sentensi ziwe fupi. Methali moja iliyowekwa mahali pake yafanya kazi kubwa. Methali tano zikifuatana humfanya mtu asahau ni daraja gani linalosemwa.

Kuna mfano mwingine, ambao wasomaji wa Kiswahili wameupata kwa mkono wa Mwalimu Julius Nyerere, aliyeufasiri mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar na kuutoa mwaka 1963. Katika mchezo ule Kaisari amekwisha kuuawa, na watu wawili wapanda jukwaani mbele ya umati wa Roma, mmoja baada ya mwingine. Bruto, aliyekuwa mmoja wa wauaji, asema kwanza. Hotuba yake ni fupi, imepangwa vizuri, ina sababu, na watu wamshangilia. Kisha aondoka, akimwachia Antonio nafasi. Antonio hana sababu nyingi kama zake, bali anavyo vitu: anao wosia wa marehemu, ambao ataja kwamba uko lakini akataa kuusoma mpaka watu wamlilie ausome, analo vazi la Kaisari, ambalo aonyesha matundu yake moja moja, kisha aifunua maiti. Watu wale wale waliomshangilia Bruto watoka mbio kuchoma nyumba. Bruto aliwaambia, Antonio aliwaonyesha. Mnenaji aweza kujifunza hapo nguvu ya kitu kionekanacho. Mjumbe wa daraja akichukua kiatu kimoja cha mtoto kilichookotwa chini mtoni na kukiinua, hatahitaji kusema mengi juu ya hatari. Lakini mchezo huo waonyesha na jambo la pili, kwamba umati ukiisha kuwashwa hauchagui: wamkamata mtunga mashairi mmoja na kumuua kwa sababu tu jina lake lafanana na la adui. Mtu akitaka kutumia silaha ya Antonio sharti awe na kweli mkononi, na ajue atauzimaje moto.

Sasa je, hotuba isomwe, au isemwe kwa kichwa? Watu hubishana sana juu ya jambo hili. Kuishika yote moyoni neno kwa neno ni hatari kuliko inavyodhaniwa. Winston Churchill, ambaye baadaye alisifiwa kuwa mmoja wa wanenaji wakubwa wa Uingereza, alikuwa na desturi hiyo katika ujana wake. Tarehe 22 Aprili 1904 alikuwa akisema Bungeni, na baada ya dakika kama 45 neno lililofuata likamtoka. Akalitafuta, asilipate. Akaketi chini na kufunika uso kwa mikono yake. Tangu siku ile hakusimama tena kutoa hotuba kubwa pasipo karatasi zake. Hasara ya kughibu ni hii, kwamba maneno yamefungwa kama shanga katika uzi mmoja; uzi ukikatika pamoja, zote zaanguka.

Kusoma nako kuna ila yake. Macho yanapokuwa juu ya karatasi, uso wa msemaji hauonekani, na sauti yake huwa ya mtu mwingine. Wakenya walijionea wenyewe tofauti hii kwa miaka mingi katika sikukuu za taifa. Tangu siku za Mzee Jomo Kenyatta, Rais alisoma kwanza hotuba iliyoandikwa kwa Kiingereza, watu wakitulia na wengine wakisinzia. Kisha akaiweka kando na kuanza kusema Kiswahili bila karatasi. Hapo uwanja mzima uliamka. Sera za serikali zilikuwa katika hotuba ya kwanza, lakini aliyeulizwa jioni Rais alisema nini alieleza ile ya pili.

Kwa msemaji wa kawaida njia ya katikati ndiyo bora. Hotuba iandikwe yote nyumbani, maana kuandika hufichua mahali penye fikira dhaifu. Kisha kutoka katika maandishi hayo apate karatasi moja ndogo yenye vichwa vya maneno tu, kwa herufi kubwa, na hesabu zote ambazo hataki kuzikosea. Sentensi ya kwanza na ya mwisho pekee ndizo azijue kwa ghibu: ya kwanza kwa sababu ndipo hofu ilipo kubwa, ya mwisho kwa sababu mtu asiyejua atamalizaje hamalizi. Kila mtu amekwisha kumsikia msemaji aliyesema "kwa kumalizia" mara nne.

Jambo moja lililo la kila siku katika baraza zetu ni mkalimani. Mtu anayenena Kiswahili huku maneno yake yakigeuzwa katika lugha ya wenyeji hana dakika sita, anazo tatu. Asipolikumbuka hili wakati wa kutayarisha, nusu ya hotuba yake itakufa. Tena mkalimani ni mwanadamu. Akipewa sentensi ndefu yenye mafundo matatu, atalifungua la mwisho tu na kuyaacha mawili ya kwanza. Apewe fikira moja kamili kwa mara moja, wala asikatizwe katikati. Tarakimu na majina ya mahali aonyeshwe kabla ya mkutano kuanza, kwa kuwa "sitini na nne" imewahi kutoka upande wa pili ikiwa "arobaini na sita" bila mtu kutambua. Mizaha na michezo ya maneno iachwe. Mara nyingi hufika upande wa pili imekufa, na watu hucheka kwa kumhurumia mkalimani. Msemaji awatazame wasikilizaji, si mkalimani, wala asiseme "waambie hivi," kana kwamba watu hawapo mbele yake. Na wakati maneno yake yanapogeuzwa asimame kimya akiangalia nyuso: hapo ndipo aonapo kama neno limefika.

Juu ya hofu yatosha kusema kwamba kila mtu anayo. Kinywa hukauka, magoti hutetemeka, moyo hupiga mbio, kwa kuwa mwili hujitayarisha kama uonapo hatari. Hofu haiondoki kwa kukemewa. Hupungua msemaji akisimama kwanza pasipo kusema neno, akavuta pumzi mbili polepole, akatafuta uso mmoja wa kirafiki, kisha akaitoa ile sentensi aliyoishika. Plutarko, mwandishi wa kale, asimulia kwamba Demosthenes wa Athene alitia kokoto kinywani ili aurekebishe ulimi wake mzito, na yasimuliwa pia kwamba alipiga kelele kushindana na mawimbi ya bahari ili aizoee ghasia ya mkutano. Hapana haja leo ya kutafuna mawe. Kipaza sauti kimeondoa kazi ya mawimbi, ila kimeleta makosa yake: wako wakipulizao, wako wakigongao kwa kidole, na wako wakimezao hata maneno yakatoka kama ngurumo. Kiwekwe mbali na mdomo kadiri ya shubiri moja, na msemaji aseme polepole kuliko azungumzavyo nyumbani.

Mazoezi yafanywe kwa sauti, kwa miguu, na kwa saa. Kusoma kimya hakufai, kwa kuwa jicho lakimbia kuliko ulimi, na hotuba iliyoonekana ya dakika tatu hutokea kuwa ya saba. Apatikane mtu mmoja wa kusikiliza, ikiwezekana mtoto wa shule, ambaye ataulizwa baadaye: "Nimeomba nini?" Mtoto akikosa jibu, hotuba haijawa tayari, na kosa si la mtoto.

Mjumbe wa daraja, akiisha kufanya hayo yote, aweza kusimama saa saba juani na kusema maneno kama haya:

"Bwana Mwenyekiti, mabibi na mabwana. Twaomba daraja. Jumatatu asubuhi watoto 64 waliuvuka mto wetu juu ya magogo mawili wakienda shule. Daraja lilichukuliwa na maji mwezi wa Aprili. Tangu siku ile gari la maziwa haliji. Twayapeleka kwa miguu, na njia ikiwa na matope yaharibika kabla ya kufika. Tumeupima mto, nao una upana wa hatua 18. Mawe na mchanga tutatoa sisi, na watu wa kufanya kazi tunao. Tusivyo navyo ni saruji, nondo na fundi. Twaomba vitu hivyo vitatu viingizwe katika makadirio ya mwaka ujao. Watoto 64, Bwana Mwenyekiti, juu ya magogo mawili."

Maneno hayo hayafiki hata dakika moja na nusu, na yakigeuzwa na mkalimani hayapiti tatu. Nafasi inayobaki ni ya maswali, nayo yafaa kutayarishwa kama hotuba yenyewe, kwa kuyaandika nyumbani maswali matano magumu ambayo afisa aweza kuuliza. Swali asilolijua mjumbe akiri kwamba halijui, na aseme ni lini atalileta jibu. Karatasi yenye hesabu, iliyoandikwa vizuri na kutiwa sahihi za wazee, ampe karani kabla ya kurudi kuketi.